Kwa nini washairi wa Wales walikuwa wachungaji watupu?

Mwalimu_Arudhi

Habari za jioni wanajamvi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili sekondari, na nikitoka darasani natunga mashairi ya vina na mizani, yale ambayo vijana wanasema yamepitwa na wakati. Kwaya yetu inaimba wimbo wa William Williams wa Pantycelyn, ule wa msafiri anayemwomba Mungu amwongoze jangwani. Nikataka kujua mtunzi ni nani. Nikaingia kwenye kamusi ya wasifu wa watu wa Wales, ambayo Maktaba yao ya Taifa imeiweka bure mtandaoni, nikajikuta nasoma hadi usiku wa manane.

Jamani, kila ukigusa jina unakuta "mchungaji na mshairi". Ukigusa jingine, "mchungaji, mhariri na mwanazuoni". Kuna wachungaji walioandika sarufi, wachungaji walioanzisha magazeti, wachungaji waliogombea zawadi za ushairi. Halafu John Jones wako wangapi humo ndani? Na wengi wana jina la pili la kishairi, kama wasanii wetu wa bongo fleva.

Naomba kujuzwa mambo matatu. Uchungaji na ushairi vilikutana vipi kule? Haya majina ya pili ni ya nini? Na hiyo kanuni yao wanayoiita cynghanedd ina undugu wowote na vina vyetu?

Pweza_Mkavu

Mwalimu, kwa mvua inayonyesha kule, mtu atafanya nini zaidi ya kusali na kutunga? Utani huo.

Mimi namjua mmoja tu, Hedd Wyn, na yeye alikuwa mchungaji kweli kweli, wa kondoo. Alikuwa wa shamba la Yr Ysgwrn, Trawsfynydd. Alipeleka shairi lake mashindanoni akiwa jeshini, akauawa Ubelgiji tarehe 31 Julai 1917. Septemba wakamwita jina jukwaani aje akalie kiti cha ushindi, kimya. Kiti wakakifunika kitambaa cheusi. Mengine waulize wajuzi.

Mtanga_wa_Gwynedd

Mwalimu, sijui kati yetu nani amwamkie nani, basi salamu tu. Mimi ni mtu wa Tanga, naishi kaskazini mwa Wales, nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Huku Kiwelisi ndiyo lugha ya dukani, ya kanisani na ya kugombana. Mzee mmoja ninayemhudumia ni mchungaji mstaafu, na kila nikimpelekea chai lazima anipe somo kwanza. Kwa hiyo elimu utakayoisoma hapa ni yake, hasira ni zangu.

Swali la kwanza. Tangu sheria ya 1536 iliyoiunganisha Wales na Uingereza, Kiingereza ndicho kilichokuwa lugha ya mahakama na ya vyeo. Kanisa la Anglikana nalo likaletewa maaskofu Waingereza, na kwa zaidi ya miaka 100, mpaka 1870, hapakuteuliwa Wales askofu hata mmoja ambaye Kiwelisi kilikuwa lugha yake ya kuzaliwa. Sasa chukua kijana wa mkulima, ana akili, anapenda maneno, Kiingereza chake cha kubabaisha. Aende wapi? Penye nafasi palikuwa kwenye vikanisa vya Wamethodisti, Wabaptisti na Waindependenti. Pale walitaka mtu atakayesimama saa nzima akaongea Kiwelisi na watu wasisinzie. Vilikuwa na shule ya Jumapili ambayo watu wazima walikaa benchi moja na watoto, vilikuwa na magazeti, na vilikuwa na mashindano ya kutunga. Mshairi aliyetaka kula kwa lugha yake alipitia mlango huo. Wengine hata hapo hawakushiba, wakahubiri Jumapili na Jumatatu wakarudi shambani au kwenye kiwanda cha kufuma.

Na Kiwelisi chenyewe cha mimbarini kilikuwa cha kishairi tangu mwanzo. William Morgan alikuwa kasisi wa Llanrhaeadr-ym-Mochnant alipomaliza kutafsiri Biblia nzima, 1588, na aliandika kwa lugha ya washairi wa kale, siyo ya sokoni. Ikarekebishwa 1620, na watu wakakua nayo masikioni. Mhubiri akifungua kinywa, nusu ya kazi ya ushairi ameshafanyiwa.

Lakini kusoma? Hapo mkumbuke Griffith Jones, kasisi wa Llanddowror. Yeye aliona ujinga wa kujenga shule mkulima asiyoweza kuifuata, akaamua shule imfuate mkulima. Mwalimu anakaa parokia moja miezi mitatu hivi, wakati wa baridi shamba likiwa limelala, anafundisha kusoma kwa Kiwelisi, mchana watoto na usiku wazazi wao, kisha anafunga mzigo kwenda parokia nyingine. Kufikia kifo chake mwaka 1761 shule zaidi ya 3,000 zilikuwa zimefanyika, na wanafunzi wanakadiriwa kufika 200,000 au zaidi, katika nchi ambayo haikuwa na watu nusu milioni.

Sasa hasira zangu. Hela za hizo shule zilitoka wapi? Mfadhili mkubwa alikuwa Bridget Bevan wa Laugharne, wanamwita Madam Bevan. Griffith Jones alipofariki, huyo mama akaziendesha mwenyewe mpaka alipokufa 1779. Akaacha wosia, karibu pauni 10,000 ziendelee na shule. Ndugu wakaupinga. Kesi ikakaa mahakamani takriban miaka 30, na shule zikafa zikisubiri hukumu.

Mwingine. Thomas Charles wa Bala, ukifika Bala utaona sanamu yake nje ya kanisa la Tegid. Makasisi wenzake hawakumtaka kwa ajili ya Umethodisti wake, kila parokia anatolewa. Akahamia Bala kwa mkewe, Sally Jones, na Sally alikuwa na duka. Duka ndilo lililolisha nyumba, yeye akapata nafasi ya kuzunguka, kuanzisha shule na kuandika. Ni huyu Charles ambaye binti wa miaka 15, Mary Jones, alimwendea mwaka 1800, kilomita 40 hivi pekupeku, kutafuta Biblia ya kununua. Miaka minne baadaye Charles alikuwa miongoni mwa walioanzisha Chama cha Biblia cha Uingereza na cha Nchi za Nje, London. Chama hicho ndicho kilichochapa Biblia nzima ya Kiswahili cha Unguja 1891, na kilikuwemo katika ile ya Union ya 1952 ambayo wengi wetu tumelelewa nayo. Kwa hiyo Mwalimu, kuna faida ya dukani kwa Sally imeingia hadi kwenye kabati la bibi yako.

Ila wa kunitoa machozi ni Ruth. Kwanza Ann Griffiths. Alizaliwa 1776 shamba la Dolwar Fach, Llanfihangel-yng-Ngwynfa. Baba yake alikuwa mkulima na mtunzi wa mashairi ya pale kijijini. Ann alikuwa msichana wa kupenda kucheza dansi, na aliwacheka Wamethodisti waliokwenda Bala kwenye mikutano. Alipookoka, akawa yeye ndiye anayevuka milima ya Berwyn kwa miguu, kilomita zaidi ya 30, kwenda kupokea Meza ya Bwana mkononi mwa Thomas Charles. Tenzi zake alizitunga huku akifanya kazi za nyumba, akamtamkia Ruth Evans, mtumishi wa pale nyumbani. Aliolewa 1804. Mwaka uliofuata akajifungua mtoto wa kike, mtoto akafa, na majuma mawili hivi baadaye Ann naye akafa, Agosti 1805. Miaka 29.

Hakuacha kitabu. Tenzi zilikuwa kichwani mwa Ruth, beti sabini na kitu, na Ruth hakujua kuandika. Bahati ni kwamba aliolewa na John Hughes wa Pontrobert, mfumaji aliyegeuka mwalimu na mhubiri. Mke akatamka, mume akaandika, na 1806 zikatoka kitabuni Bala. Kwa mkono wa Ann mwenyewe imebaki barua moja tu, yenye ubeti mmoja ndani yake, iko Maktaba ya Taifa, Aberystwyth. Nilimuuliza mzee wangu, je Ruth angekufa kwa homa miezi ile ile? Akakoroga chai yake kisha akasema, "Basi tungekuwa na ubeti mmoja."

Majina ni jambo dogo. Wales ukoo ni Jones, Davies, Evans, Williams, umemaliza. Kijiji kimoja kinaweza kuwa na John Jones sita, na wote wahubiri. Jina la kishairi lilimtoa mtu kwenye kundi. William Rees, mchungaji wa Liverpool aliyehariri gazeti la Yr Amserau kuanzia 1843, ni Gwilym Hiraethog. Na kwenye mashindano makubwa, Eisteddfod, shairi hupelekwa kwa jina la bandia ili waamuzi wasijue ni la nani. Hilo la Hedd Wyn alilosema Pweza lilipelekwa chini ya jina Fleur-de-lis.

Cynghanedd sasa. Sisi tunaangalia mwisho wa kipande, silabi zifanane. Wao wanaangalia konsonanti katika mstari mzima. Mstari unakatwa vipande viwili, na konsonanti za kipande cha kwanza zinarudi kwenye cha pili kwa mpangilio ule ule, irabu zinabadilika. Nilijaribu kwa Kiswahili:

Baba na mali, bibi na mila.

Hesabu: b, b, n, m, l, kisha tena b, b, n, m, l. Irabu zinazobeba mkazo ni tofauti na mwisho hauna kina. Hiyo ni aina moja tu, zipo nne. Na awdl, utungo wa kushindania Kiti, unakwenda hivyo mstari hadi mstari kwa mamia ya mistari.

Pweza_Mkavu

Dada, mtu kauliza habari za wachungaji, wewe umeleta wake zao, wafadhili wao na watumishi wao. Ila ule mstari wa baba na bibi nimeuiba, nakwenda kuutolea hotuba kwenye harusi.

Mwalimu_Arudhi

Mtanga, ubarikiwe. Kesho nitawapa kidato cha tatu hiyo kanuni waivunjie vichwa. Huo mpangilio wa konsonanti ni mateso, lakini naona utamu wake.

Nina swali jingine. Ukisoma hizo habari za wasifu ni kavu: alizaliwa, alisoma chuo fulani, aliwekwa wakfu, alifariki. Yupo ambaye maisha yake yaliingia moja kwa moja kwenye shairi? Maana Pantycelyn naona alitunga tenzi 900 hivi na bado alipata muda wa kuuza chai.

Mtanga_wa_Gwynedd

Tafuta Islwyn. Jina lake William Thomas, mzaliwa wa Ynysddu kusini, 1832. Alikuwa mchumba wa Anne Bowen wa Swansea, na Anne akafa ghafla 1853. Kijana hajatimiza hata miaka 22. Akaandika utenzi mrefu sana unaoitwa Y Storm, yaani dhoruba, na ndani yake unakuta majonzi, theolojia, nyota, bahari, kila kitu, kama mtu anayetembea chumbani usiku hawezi kukaa. Baadaye akawekwa wakfu, akaoa mwanamke mwingine, Martha, wakaishi vizuri. Sasa husimuliwa kwamba alipokuwa anakata roho, 1878, alimshukuru Martha kwa wema wake wote, kisha akamwambia sasa nakwenda kwa Anne.

Mzee wangu anaisimulia kwa heshima kubwa, kama jambo la kiroho. Mimi nikamwambia huko kwetu huyo Martha angesusa mazishi.

Kama unataka mwenye kisa kibaya zaidi, Goronwy Owen wa kisiwa cha Anglesey. Bingwa wa mashairi ya kanuni katika karne ya 18, padri msaidizi wa kuhamahama huko Uingereza, maskini wa kutupwa, na chupa haikumwacha. Akapata kazi ya ualimu chuo cha William and Mary, Virginia. Mkewe na mtoto wao mdogo wakafia safarini baharini. Kule kazi akaipoteza kwa ulevi na fujo, akaishia kasisi wa parokia ya ndani ndani na mkulima wa tumbaku, akafa 1769. Karibu mashairi yake yote makubwa aliyatunga kabla ya kupanda meli ile. Aliililia Anglesey na hakurudi.

Mlushi_wa_Merseyside

Ndugu zangu, nimewasoma kwa furaha. Mimi ni mtu wa Lubumbashi, nipo Liverpool, na Colwyn Bay ni mwendo mfupi kutoka hapa. Kuna mchungaji mmoja wa Wales ambaye sisi Wakongo hatuwezi kumpita kimya.

Anaitwa William Hughes, Mbaptisti. Alikwenda Congo 1882 kama mmisionari, akaugua, akarudi 1885 na watoto wawili wa kiume, Kinkasa na Nkanza. Akazunguka nao makanisani, watoto wanaimba, watu wanatoa sadaka. Wazo lake lilikuwa kwamba Mzungu anakufa kwa homa Afrika, basi afadhali Mwafrika aletwe Wales, afunzwe neno la Mungu na ufundi, useremala, ushonaji, uchapaji, kisha arudi kwao. Akafungua chuo Colwyn Bay. Kinkasa akafa 1888. Nkanza akafa 1892. Hata hivyo chuo kiliendelea, wanafunzi wakaja kutoka sehemu nyingi za Afrika, D. D. T. Jabavu wa Afrika Kusini, aliyekuja kuwa profesa, alipita pale. Mwishoni ikazuka kashfa kwenye gazeti la London, Hughes akashtaki, akashindwa, akafilisika, chuo kikafungwa 1912. Alifia kwenye nyumba ya maskini, 1924.

Huyu ni mtu mwema au mbaya? Miaka inapita na bado sijapata jibu. Ila nikisoma hizo orodha za wachungaji watakatifu nawatafuta wale watoto wawili kwanza.

Mtanga_wa_Gwynedd

Mlushi, sina la kumtetea. Wazo la kwamba hewa ya Congo inaua Mzungu alilipima vizuri, ila hakuuliza hewa ya Wales itamfanya nini mtoto wa Congo.

Na homa ya upande wa pili nayo ilikuwa kweli. Vijana wawili wa Ceredigion, David Jones na Thomas Bevan, walifika Madagaska 1818 na baadaye wakawa na wake zao na watoto wachanga. Katika miezi michache akabaki David Jones peke yake. Wengine wote walizikwa Tamatave. Badala ya kurudi nyumbani, 1820 akapanda hadi Antananarivo kwa mfalme Radama, akafungua shule, na yeye na mwenzake David Griffiths wakawa mbele katika kazi ya kuandika Kimalagasi kwa herufi za Kirumi na kutafsiri Biblia, iliyokamilika 1835. Mwalimu, hao ndio wanazuoni uliokuwa unawauliza. Walitoka nchi ambayo watu wengi walijifunza kusoma kwenye zile shule za kuhama au za Jumapili, kwa hiyo kwao lugha ndogo kuwa na kitabu chake halikuwa jambo la ajabu.

Mwalimu_Arudhi

Mlushi, asante, hilo sikulijua na limenikaa. Mtanga, swali la mwisho halafu nikuache ukapumzike. Hayo mashindano bado yapo? Na bado ni wachungaji?

Mtanga_wa_Gwynedd

Yapo, wiki ya kwanza ya Agosti, mwaka mmoja kaskazini na mwaka mwingine kusini kwa kawaida. Kila kitu jukwaani ni Kiwelisi. Waamuzi wakiona hakuna shairi linalofaa, kiti hakitolewi, mnarudi nyumbani.

Wachungaji wamepungua sana kwa sababu makanisa yenyewe yamefungwa, mengine ni nyumba za kupangisha watalii. Siku hizi washindi ni walimu, waandishi wa habari, wanasheria. Kiti chenyewe mwanamke wa kwanza kukishinda ni Mererid Hopwood, mwaka 2001. Mashindano ya kitaifa yalianza 1861, piga hesabu mwenyewe. Tangu 2024 yeye ndiye kiongozi wa washairi wote kwenye Eisteddfod.

Nje ya hapo kuna kipindi cha redio, Talwrn y Beirdd, timu za washairi zinapewa kazi na mwamuzi anatoa alama kati ya kumi. Mzee wangu hakikosi. Anakaa na daftari na penseli, mwamuzi akisema tisa yeye anaandika saba na nusu, na sababu pembeni. Wiki iliyopita nilimsomea ule mstari wangu wa baba na bibi, nikamweleza maana. Akahesabu konsonanti kwa vidole, akanipa sita.